Kujaza Viti, Kufungua Mlango: Somo la Kuvumisha Sanaa kwa Simu katika Mitaa ya Eastlands

Kutoka Kaloleni hadi Kayole, kutoka Pumwani hadi Dandora, Eastlands ina vikundi vingi vya uigizaji, densi, sarakasi, muziki na uchoraji. Vingi vina ukurasa wa Facebook, akaunti ya TikTok na kikundi cha WhatsApp. Hata hivyo, viongozi wa vikundi hivi hulalamikia jambo moja: video hutazamwa na maelfu, lakini Jumamosi ya onyesho ikifika viti vinabaki wazi. Wanaokuja ni marafiki wa waigizaji, walewale wa mwezi uliopita.

Hasara yake si ndogo. Kikundi kinachoshindwa kujaza viti mara tatu hukosa pesa za kulipia vifaa mara ya nne. Vijana waliofanya mazoezi miezi miwili hukata tamaa, na jirani ambaye angefurahia onyesho hajui hata kwamba lilifanyika.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, burudani za umma na maktaba. Kumbi za kijamii za mitaani ni mali ya wakazi. Somo hili limeandaliwa kwa vikundi vya sanaa, vikundi vya vijana, shule na yeyote anayeandaa hafla mtaani. Linaeleza jinsi ya kutumia simu kualika watu wengi zaidi, na hasa wale ambao kwa kawaida hawaalikwi.

MALENGO YA SOMO

Mwisho wa somo hili, kikundi kinapaswa kuweza:
- kutofautisha mfuasi wa mtandaoni na mtu atakayeketi ukumbini;
- kutambua ni majirani gani hawafikiwi, na kwa nini;
- kuandika tangazo linalojibu maswali ya mwalikwa;
- kuchagua njia ya mawasiliano kulingana na mtu;
- kutunza namba za simu na picha za watu kwa mujibu wa sheria;
- kuhesabu matokeo na kurekebisha mwaliko unaofuata.

1. MFUASI NA MTAZAMAJI

Eastlands inajua nguvu ya kusambaza sanaa. Katika miaka ya 1990, Kalamashaka kutoka Dandora walifanya nchi nzima isikilize hip hop ya Kiswahili na Sheng. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Calif Records, iliyopewa jina la mtaa wa California, ilieneza genge. Mwaka wa 2018 vijana wa Umoja waliojiita Ethic walitoa wimbo Lamba Lolo, na kupitia YouTube mtindo wa gengetone ukaenea Kenya nzima kwa muda mfupi.

Mifano hiyo imewafanya wengi waamini kwamba kazi ya mtandao ni kutafuta idadi kubwa ya watazamaji popote walipo. Kwa mwanamuziki anayeuza wimbo, hilo ni sawa. Anayetazama akiwa Kisumu ana thamani ileile na anayetazama akiwa Buruburu.

Kikundi cha maigizo kina hesabu nyingine. Kinahitaji watu 100 wanaoweza kutembea au kupanda matatu hadi ukumbini siku moja, saa moja iliyotajwa. Video iliyotazamwa mara 4,000 na watu wa kaunti nyingine haiketi kwenye kiti hata kimoja. Ndiyo maana swali la kwanza si "tutapataje wafuasi wengi?" bali "ni nani anayeishi umbali wa kutembea kutoka hapa, na ni nini kinachomzuia kuja?"

2. NI NANI HAYUPO?

Kabla ya kuandika tangazo lolote, kikundi kikae na karatasi moja na kuigawa sehemu nne.

Sehemu ya kwanza: wanaokuja tayari. Hawa wahesabiwe na kushukuriwa, lakini tangazo lisiandikwe kwa ajili yao peke yao.

Sehemu ya pili: wanaojua lakini hawaji. Mara nyingi hawa wana sababu nzuri. Mama mwenye watoto watatu hajui kama watoto wanaruhusiwa. Mfanyakazi anayetoka Industrial Area saa kumi na moja hawezi kufika saa kumi. Mzee anaogopa kurudi nyumbani usiku.

Sehemu ya tatu: wasiojua kabisa. Anayetumia kabambe haoni TikTok. Mwenye simu janja aliyeishiwa na bando tangu Jumatano haoni tangazo la Alhamisi. Mwenye kibanda anayefunga saa nne usiku hana muda wa kupekua mtandao.

Sehemu ya nne: waliofungiwa mlango bila mtu kukusudia. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu anakuta ngazi tano. Kiziwi anaona video isiyo na maandishi. Kipofu anapokea bango ambalo simu yake haiwezi kulisoma. Mkazi wa Eastleigh anayesoma Kisomali hakuona hata neno moja la lugha yake. Mwislamu wa Majengo ameona hafla imewekwa Ijumaa saa saba mchana, na Msabato ameona kila onyesho huwa Jumamosi asubuhi.

Karatasi hii isijazwe kwa kukisia. Wanachama wagawane mitaa, kila mmoja awaulize watu kumi swali moja: "Uliwahi kutamani kuja kwenye onyesho ukashindwa? Kwa nini?" Majibu ya siku moja yatakisaidia kikundi kuliko tangazo la kulipia la mwezi mzima.

3. HADHIRA HUJENGWA KABLA YA SIKU YA ONYESHO

Wengi huanza kualika siku tatu kabla ya onyesho. Vikundi vilivyofanikiwa kuvuta jamii vilianza mapema zaidi, vingine kabla ya mazoezi kuisha.

Mfano unaojulikana sana uko jirani tu, Limuru. Mwaka wa 1977, wakazi wa Kamirithu, wakiwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijenga wenyewe jukwaa la wazi na kuandaa mchezo Ngaahika Ndeenda, unaojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji walitazama, wakawasahihisha waigizaji lugha na mienendo, wakauona mchezo kuwa wao. Ulipoanza kuonyeshwa Oktoba 2, 1977, watu hawakuhitaji kushawishiwa. Serikali ya wakati huo ilifuta kibali chake Novemba 16 mwaka huohuo, lakini mbinu ya kufanya mazoezi mbele ya majirani bado inaweza kutumika katika ukumbi wowote wa Eastlands.

Mfano wa pili ni wa jijini. Mwaka wa 2013 kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoanzishwa Industrial Area mwaka wa 2003, kilianzisha mradi wa Nai Ni Who?. Badala ya kuwaita watu wote waje kituoni, mradi ulikwenda mitaani, na wakazi ndio walioamua mtaa wao uonyeshwe vipi na wageni wapitishwe wapi. Mtu anayeulizwa mtaa wake una nini cha kuonyesha huwaalika ndugu na marafiki bila kulipwa.

Mfano wa tatu uko Korogocho. Tangu 2008, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto na vijana muziki wa ala. Kila mtoto anayejifunza fidla au tarumbeta ana mzazi, mwalimu na majirani wanaotaka kumsikia. Hadhira inakua pamoja na wanafunzi.

Kwa simu, funzo la mifano hii hutekelezwa hivi: wiki nne kabla ya onyesho, kikundi kirekodi sekunde 30 za mazoezi na kuwauliza wakazi jambo la kweli. Kwa mfano: "Katika onyesho hili, baba mkwe amsalimu vipi mkwewe?" au "Ni wimbo gani ulioimbwa kwenye harusi za mtaa huu miaka ya themanini?" Jibu zuri litumiwe, na aliyelitoa aalikwe kwa jina. Mtu aliyechangia neno moja ana sababu ya kuja kulisikia likisemwa.

4. TANGAZO LINALOJIBU MASWALI

Hapa ndipo vikundi vingi hupoteza watu. Tazama tangazo hili la mfano, la aina inayoonekana kila wiki:

"Shoo kali Sato! Wasee wote mkam. Kiingilio poa. Linki kwa bayo."

Limechangamka, lakini limewaachia walioalikwa kazi yote. Anayelisoma hajui onyesho ni la nini, linaanza na kumalizika saa ngapi, pesa ngapi, wapi, na kama mtoto au mzee anafaa kuja. Mwenye hamu kubwa atapiga simu kuuliza. Mwenye mashaka kidogo ataacha.

Tangazo kamili hujibu maswali manane:
1. Ni kitu gani, na kinahusu nini?
2. Ni siku gani, kinaanza saa ngapi na kinamalizika saa ngapi?
3. Ni wapi, na mtu anafikaje kutoka steji iliyo karibu?
4. Ni pesa ngapi, na nani anaingia bure?
5. Kinawafaa nani? Je, watoto wanakaribishwa?
6. Ni lugha gani inayotumika?
7. Mlango, choo na viti vikoje kwa mtu mwenye ulemavu? Mkalimani wa lugha ya ishara yupo?
8. Mwenye swali ampigie nani?

Tangazo lilelile likiandikwa upya linaweza kuwa hivi:

"Mchezo wa kuigiza kuhusu ndugu watatu wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Jumamosi, saa tisa kamili hadi saa kumi na moja jioni. Ukumbi wa kijamii, dakika tano kwa miguu kutoka steji. Mtu mzima KSh 100, watoto na wazee bure. Mchezo ni wa Kiswahili na Sheng. Watoto wanakaribishwa. Mlango hauna ngazi. Choo kina ngazi moja na kuna mtu wa kusaidia. Mkalimani wa lugha ya ishara atakuwepo. Ukiwa na swali, piga simu au tuma ujumbe kwa namba hii."

Mambo mawili yazingatiwe. La kwanza ni saa ya kumaliza. Katika mitaa ambayo taa za barabarani hazijafika kila kona, saa ya kumaliza ndiyo humfanya mama, msichana au mzee aamue. Onyesho likitangazwa kumalizika saa kumi na moja, limalizike saa kumi na moja. Kikundi kinachochelewa kuanza kwa saa moja na nusu, kikisubiri watu wajae, kinawaadhibu waliofika mapema na kuwafukuza wanaotaka kurudi nyumbani kabla ya giza. Mara ya pili hawatakuja.

La pili ni ukweli. Choo kikiwa na ngazi, tangazo liseme hivyo. Mtu mwenye ulemavu aliyeambiwa ukweli anaweza kujipanga. Aliyedanganywa na kufika akakwama mlangoni hatarudi, na atawaambia wenzake.

5. KILA MTU NA NJIA YAKE

Hakuna njia moja inayowafikia wote. Kikundi kichague njia tatu au nne na kuzitumia vizuri.

WhatsApp. Ndiyo njia yenye nguvu zaidi ya mtaani kwa sababu ujumbe hutoka kwa mtu anayejulikana. Vikundi vya ploti, vya chama, vya kanisa au msikiti na vya wazazi wa shule tayari vipo. Badala ya kikundi cha sanaa kuunda kikundi kipya cha watu 1,000, kila mwanachama apeleke tangazo katika vikundi viwili ambamo yeye ni mwanachama, baada ya kumwomba msimamizi ruhusa. Anayetumia orodha ya matangazo ya WhatsApp akumbuke mambo mawili: orodha moja hubeba watu wasiozidi 256, na ujumbe huwafikia tu waliohifadhi namba ya mtumaji kwenye simu zao. Stetasi hudumu saa 24, kwa hiyo iwekwe jioni watu wanapopumzika.

Video fupi. TikTok, Facebook na YouTube zinafaa kuonyesha ladha ya onyesho. Video iwe fupi na nyepesi ili isimalize bando la mtazamaji, na jina la mtaa, siku na saa vionekane ndani ya video yenyewe. Kiungo peke yake hakitoshi, kwani kukifungua kunahitaji bando.

Ujumbe mfupi wa simu. Hufika hata kwenye kabambe na hauhitaji intaneti. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 pamoja na nafasi. Mfano: "Mchezo wa kuigiza Jumamosi saa 9-11 jioni, ukumbi wa kijamii. Mkubwa sh100, mtoto bure. Mlango tambarare, mkalimani wa ishara yupo. Maswali: piga namba hii." Ujumbe huo unatosha katika herufi 160.

Redio. Koch FM, iliyoanzishwa Korogocho mwaka wa 2006, na Ghetto Radio inayotangaza kwa Sheng zinasikilizwa kwenye matatu, saluni na vibanda. Kikundi kinaweza kuomba nafasi ya mahojiano kikiwa na hadithi ya kueleza, si tangazo tu.

Karatasi na mdomo. Bango kwa kinyozi, kwenye duka la M-Pesa, langoni kwa shule na kwenye kibanda cha mama mboga bado lina kazi. Maktaba za kaunti za Kaloleni na Makadara ni mahali pengine pa kukutana na wasomaji, wanafunzi na wazazi. Maktaba hizo pamoja na McMillan ndizo zilizohusishwa katika makubaliano ya ukarabati kati ya kaunti na shirika la Book Bunk mwaka wa 2018. Wenyeviti wa Nyumba Kumi, makanga na keateka wa ploti wanajua watu ambao hakuna simu inayowafikia.

6. LUGHA YA MWALIKO

Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ibara hiyohiyo inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli.

Kwa kikundi cha mtaani, Kiswahili chepesi ndicho msingi. Sheng huwavuta vijana, lakini Sheng ya Dandora si lazima iwe ile ya Jericho, na mzee wa Maringo huenda asielewe yote mawili. Njia rahisi ni kuandika tangazo kuu kwa Kiswahili, kisha kurekodi sauti ya sekunde 20 kwa Sheng, nyingine kwa Kisomali ikiwa hafla iko karibu na Eastleigh, na nyingine kwa lugha yoyote ambayo wazee wengi wa mtaa huo huizungumza nyumbani. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp humfikia pia asiyejua kusoma.

Sauti hizo zirekodiwe na wenye lugha. Mkazi anayesikia lugha yake ikisemwa vizuri anatambua kwamba amealikwa kweli.

7. MLANGO ULIO WAZI KWA WATU WENYE ULEMAVU

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani zaidi ya watu 900,000, wana aina fulani ya ulemavu. Ibara ya 54 ya Katiba inawapa haki ya kufika mahali pa umma, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayofaa. Mambo yafuatayo hayahitaji pesa nyingi:

- Maandishi pamoja na bango. Programu inayomsomea kipofu yaliyo kwenye simu huenda isiweze kusoma maneno yaliyo ndani ya picha. Kila bango linapotumwa, maneno yake yote yaandikwe tena chini yake kama ujumbe wa kawaida.
- Maandishi kwenye video. Kila neno linalosemwa liandikwe chini ya video. Hili humsaidia kiziwi na pia abiria anayetazama bila sauti kwenye matatu.
- Rangi zinazoonekana. Maandishi meusi kwenye rangi nyeupe au njano husomeka vizuri. Maandishi ya kijivu kwenye picha ya watu wengi hayasomeki, hasa kwenye skrini iliyopasuka au juani.
- Mkalimani. Asipopatikana kwa kila onyesho, kikundi kitenge onyesho moja lenye mkalimani na kulitangaza mapema kwa shule na vikundi vya viziwi.
- Viti vya mbele. Nafasi mbili au tatu za viti vya magurudumu ziachwe mbele, si nyuma karibu na mlango.

Lililo muhimu zaidi ni kumwalika mtu mwenye ulemavu akague ukumbi pamoja na kikundi wiki moja kabla. Ataona vikwazo ambavyo wengine huvipita kila siku bila kuviona. Kama kuna kasoro katika jengo la kaunti, iripotiwe katika ofisi ya msimamizi wa wadi.

8. NAMBA NA PICHA ZA WATU

Kikundi kinachokusanya namba za simu mlangoni kinashughulikia data ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakihusu. Kanuni za kufuata ni hizi:

- Mtu aelezwe namba yake itatumiwa kwa nini, na akubali mwenyewe.
- Namba iliyotolewa kwa ajili ya habari za sanaa isipewe mfanyabiashara, mwanasiasa au mtu mwingine yeyote.
- Anayeomba kuondolewa aondolewe mara moja.
- Picha ya mtoto isiwekwe mtandaoni bila idhini ya mzazi au mlezi.
- Daftari lenye namba lisiachwe mezani kila mtu akalipiga picha.

Mambo haya si ya kupuuzwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya KSh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mkahawa mmoja ulitozwa KSh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hakuna kikundi cha mtaani kinachoweza kumudu faini kama hizo.

Njia nyepesi ni kutangaza mwanzoni mwa onyesho kwamba picha zitapigwa, na kutenga upande mmoja wa ukumbi usiopigwa picha kwa wasiotaka kuonekana.

9. KUHESABU MATOKEO

Bila hesabu, kikundi hurudia kosa lilelile. Mtu mmoja akae mlangoni na daftari, amuulize kila anayeingia swali moja: "Ulisikiaje?" Huu ni mfano wa kufikirika wa hesabu ya jioni moja:

- Kuambiwa na jirani au rafiki: 24
- WhatsApp: 21
- Bango la karatasi: 9
- TikTok na Facebook: 5
- Redio: 3
- Jumla: 62

Tuseme kikundi hicho kililipa KSh 1,500 kuisukuma video ya TikTok, ikatazamwa mara 4,000, na KSh 450 kuchapisha mabango. Video ilileta watu 5, yaani KSh 300 kwa kila mtu. Mabango yalileta watu 9, yaani KSh 50 kwa kila mtu. Maana yake si kwamba video haifai, kwa kuwa huenda baadhi ya wale 24 waliambiwa na mtu aliyeiona. Ila mara nyingine kikundi kinaweza kupunguza pesa za video na kuongeza mabango, kisha kulinganisha.

Idadi ya jumla pekee haitoshi. Daftari hilo lionyeshe pia: ni wangapi wamekuja kwa mara ya kwanza? Ni wanawake wangapi? Wazee? Waliokuja na watoto? Wenye ulemavu? Ni wangapi waliondoka kabla ya mwisho, na saa ngapi? Kama watu 11 waliondoka giza lilipoanza kuingia, tatizo huenda si mchezo bali saa.

Asubuhi inayofuata, waliokubali kupokea ujumbe watumiwe shukrani na swali moja tu: "Ni nini kingekufanya uje na mtu mwingine mara ijayo?"

10. ZOEZI LA KIKUNDI

Zoezi hili lifanywe katika mkutano mmoja wa saa mbili.

Dakika 30 za kwanza: jazeni karatasi ya sehemu nne kwa kutumia majibu ya wakazi mliowauliza. Chagueni kundi moja tu la watu wasiofikiwa. Kikundi kinachotaka kufikia kila mtu kwa mara moja mara nyingi hakimfikii yeyote.

Dakika 30 za pili: andikeni tangazo linalojibu maswali manane. Msomeeni mtu asiye mwanachama, kisha mwulizeni anakumbuka nini. Kama hakumbuki saa, mahali na bei, andikeni upya.

Dakika 30 za tatu: fupisheni tangazo hilo liwe ujumbe wa herufi 160, na rekodini sauti ya sekunde 20 kwa lugha moja nyingine.

Dakika 30 za mwisho: gawaneni kazi. Mmoja ashughulikie WhatsApp, mmoja mabango, mmoja redio, mmoja mlango na daftari. Andikeni jina la mtu mbele ya kila kazi na tarehe ya kumaliza.

Ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa uliojengwa miaka ya 1940, uliwahi kujaa watu waliokuja kusikiliza wanasiasa wa enzi ya kupigania uhuru. Hapakuwa na simu mkononi. Watu walikuja kwa sababu jirani aliwaambia, na kwa sababu walijua mambo yatakayosemwa yanawahusu. Leo simu inaweza kulibeba neno la jirani mbali na kwa haraka zaidi, mradi limtaje aliyesahaulika na limwambie wazi saa, bei na mlango wa kuingilia.